Nani Atangaze Mwezi?

Kila Ramadhani inapokaribia ukingoni, tangazo la sikukuu hutoka na mkia uleule: Idi itakuwa Jumatano au Alhamisi, kutegemea mwandamo wa mwezi. Mwenye basi hajui abiria watafurika lini. Fundi cherehani anajua kitu kimoja tu, kwamba hatalala. Na asubuhi inayofuata, katika nyumba nyingi za pwani yetu, utakuta ndugu wawili wa tumbo moja: huyu anakunywa chai na mahamri kwa sababu mwezi umeonekana Saudia, yule amefunga ya thelathini kwa sababu Kadhi hajasema neno. Mama yao anapika mara mbili.

Mimi nimepita madrasa na nimepita darasa la fizikia, kote kwa kiwango cha kunitosha kubishana barazani na si zaidi. Kwa hiyo maswali hunijia kutoka pande mbili. Jamaa zangu wasomi huniuliza: ikiwa wataalamu wanajua hadi sekunde mwezi utapita lini kati ya dunia na jua, nyinyi mnasimama ufukweni kutafuta nini? Masheikh wangu nao huuliza: hao wanasayansi na darubini zao wameingiaje katika ibada yetu? Maswali yanapingana, lakini yamebeba dhana moja: kwamba dini na sayansi hawajuani, wamekutana juzi tu njiani wakagongana mabega.

Historia haisemi hivyo. Elimu ya falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, imelelewa misikitini na makanisani kwa karne nyingi, na imekula mali ya wakfu. Na nikiyachukua magomvi mashuhuri moja baada ya jingine, naona mengi hayakuwa juu ya mbingu hata kidogo. Watu waligombania nani mwenye neno la mwisho hapa chini.

Kwanza mwezi wenyewe, kwa kifupi. Tangu upite kati ya dunia na jua hadi upite tena ni wastani wa siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde kama 3. Wababeli walikuwa na kipimo kinachokaribia sana hicho kabla ya Nabii Isa kuzaliwa. Ndiyo maana mwezi wa Kiislamu huwa wa siku 29 au 30, na mwaka wake siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Hapo hakuna mjadala. Mjadala unaanza kwenye jicho. Mwezi ukishakutana na jua, kwa saa kadhaa uko angani lakini hakuna binadamu anayeweza kuuona. Mfaransa André Danjon, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba ukiwa haujaachana na jua kwa nyuzi (digrii) kama 7, ukingo wake unaong'aa haufanyi hata uzi. Ukivuka hapo, mambo yanategemea kimo chake juu ya upeo wa macho, vumbi, mawingu ya masika, na macho ya huyo anayetazama.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo sijasikia likitajwa sana katika ugomvi wetu. Makka iko longitudo 39.8 mashariki. Unguja mjini ni 39.2, na Mombasa iko katikati yao. Ndiyo maana kibla chetu ni karibu kaskazini tupu, na saa zetu na zao ni zilezile. Jua linapozama kwao na linapozama kwetu, tofauti haifiki saa moja, hata majira yakivutana namna gani. Maana yake mwezi tunaoutafuta sisi na wanaoutafuta wao una umri unaokaribiana sana jioni hiyo. Kimo chake kitatofautiana, mawingu yatatofautiana, lakini wale ndugu wawili niliowataja hawatenganishwi na anga kwa kiasi wanachodhani. Mara nyingi kinachowatenganisha ni shahidi wa nani amekubaliwa na nani.

Sasa twende Damascus, kwa sababu sijui mji mwingine ambako swali hili lilikusanya vichwa vizito namna ile katika karne moja.

Mwaka 1328, katika ngome ya mji huo, alifariki mwanachuoni Ibn Taymiyya akiwa kifungoni. Alikuwa ameandika kwa ukali dhidi ya wanaotaka mwezi wa kufunga uingie kwa hisabu. Hoja yake ilikuwa hadithi iliyo wazi: fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, na ukifichwa na wingu timizeni thelathini. Wengi wanaomnukuu leo wanaishia hapo. Lakini Ibn Taymiyya huyohuyo alikubali kwamba kupatwa kwa jua na mwezi kunajulikana kwa hisabu, na kwamba mbingu ni za mviringo. Hakuwa mtu wa kukataa elimu ya nyota kwa jumla. Alichokataa ni kumpa mpiga hisabu kazi ambayo kwa maoni yake sheria imempa mwenye macho.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1339, mji ukapata kadhi mpya kutoka Misri, Taqi al-Din al-Subki. Huyu ni Shafi, mtu wa madhehebu yetu. Al-Subki alitazama kesi kama hakimu anavyotazama kesi. Mashahidi wawili wanakuja mbele yako na kuapa kwamba wameuona mwezi. Hisabu zinasema mwezi jioni hiyo hauwezekani kuonekana. Umsikilize nani? Jibu lake: ushahidi wa mtu ni dhana, kwa kuwa mtu anaweza kukosea au kusema uongo, hisabu sahihi ni yakini, na dhana haishindi yakini. Kwa hiyo mashahidi wakataliwe. Angalia alichofanya na alichokiacha. Hakusema mwezi uandame kwa karatasi. Alisema karatasi inaweza kumzuia kadhi asidanganywe. Mashafi wenzake waliokuja baadaye hawakumfuata wote, na ubishi huo umo ndani ya vitabu vya fikihi ambavyo masheikh wa Lamu na Unguja wamevisoma kizazi baada ya kizazi. Basi anayesema kwamba hisabu ni fitina ya wazungu iliyoletwa juzi hajafungua vitabu vya nyumbani.

Na wakati al-Subki anakaa kwenye kiti chake cha ukadhi, katika mji huohuo aliishi kijana aliyekuwa amejifunza ufundi wa kutia nakshi za pembe kwenye mbao. Anajulikana kama Ibn al-Shatir. Aliingia kazi ya muwakiti wa Msikiti wa Umawi, na baadaye akawa mkuu wao. Muwakiti ni mtunza nyakati za sala: mtu wa msikiti, anayelipwa na msikiti, ambaye kazi yake ni kupima jua na nyota ili muadhini ajue lini apande. Kazi hii ilianza kuonekana Misri katika karne ya 13, kisha ikaenea. Fikiria maana yake. Mnajimu wa zama zile alizoea kumtegemea mfalme, na mfalme alimlipa ili atabiriwe bahati. Msikiti haukutaka bahati. Ulitaka kujua alasiri inaingia lini. Kwa kumwondoa mtaalamu kwenye baraza la mfalme na kumweka kwenye mnara, dini ilimpa kitu ambacho hata leo watafiti wetu wanakililia: mshahara wa kudumu, kazi isiyo ya uongo, na muda wa kufikiri.

Ibn al-Shatir aliutumia muda huo. Mwaka 1371 au 1372 alitengeneza saa ya jua ya marumaru, urefu wake kama mita mbili, ikawekwa kwenye mnara wa msikiti. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya karatasini. Hisabu za mwezi zilizorithiwa kutoka kwa Ptolemy, Myunani aliyeishi Misri, zilikuwa na aibu moja: zilipatia mwezi uko upande gani wa mbingu, lakini ukizifuata kwa dhati, mwezi wa nusu ungetusogelea kiasi cha kuonekana karibu mara mbili ya ukubwa wa mwezi mpevu. Mtu yeyote mwenye macho anajua haiwi hivyo. Ibn al-Shatir akapanga upya mizunguko, akaiondoa aibu hiyo. Karibu miaka mia mbili baadaye, mwaka 1543, Copernicus akachapisha huko Ulaya kitabu chake kinachosema dunia inalizunguka jua, na mpangilio wa mwezi uliomo ndani ni uleule wa yule muwakiti. Ulipita njia gani kufika Poland, wanahistoria wanalibishania hadi leo. Copernicus naye, kwa taarifa, alikuwa mtu wa kanisa, kanoni wa kanisa kuu la Frombork, na kitabu chake alikitabaruku kwa Papa Paulo III. Kwa hiyo mwezi uliotoka msikitini ukaingia kanisani, na wote wawili walioubeba walikuwa wakila mkate wa dini zao.

Narudi nyuma kidogo, maana hapa kuna kisa ambacho kinanigusa kuliko vyote. Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, alipofariki, jua lilipatwa siku hiyohiyo. Wengi wanalihusisha na kupatwa kwa jua kwa tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Kama kuna siku ambayo kiongozi angeweza kunyamaza na kuwaacha watu waamini, ni siku hiyo. Baba mwenye msiba, na mbingu nzima ikionekana kulia naye. Akasimama akasema jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mkiona hivyo, salini. Karne kama tano baadaye, al-Ghazali, ambaye watu wanapenda kumlaumu kwamba ndiye aliyeua sayansi ya Waislamu, aliandika kwamba anayedhani ni wajibu wa dini kupinga maelezo ya wanahisabu kuhusu kupatwa kwa mwezi anaidhuru dini yenyewe, kwa kuwa mambo hayo yana ushahidi wa hisabu na mwenye kuuelewa hataacha hisabu, ataitilia shaka dini. Hiyo imo katika kitabu chake kilekile cha kuwashambulia wanafalsafa. Watu humnukuu bila kumsoma.

Je, hakukuwa na ugomvi wa kweli? Ulikuwepo. Mwaka 1577 Istanbul ilipata kituo kikubwa cha kutazama nyota, kazi ya Taqi al-Din, mzaliwa wa Damascus aliyewahi kuwa kadhi. Mwaka huohuo nyota yenye mkia ikatokea angani. Taqi al-Din akamtabiria Sultani Murad III ushindi dhidi ya Waajemi. Hapo ndipo alipojikwaa, kwa maoni yangu: alirudi kwenye biashara ya bahati. Vita vikaendelea, tauni ikaingia, wakubwa wakafariki, na Sheikh al-Islam, mkuu wa wanachuoni wa dola, akamwambia Sultani kwamba kuchungulia siri za mbingu kunaleta balaa. Januari 1580 kituo kikabomolewa. Ukisoma haraka utasema dini imeua sayansi. Lakini kubomolewa kwake kulikuwa pia silaha katika vita vya vigogo wa ikulu, na waliokuwa wakimlinda Taqi al-Din walikuwa wameanguka. Kule Denmark katika miaka hiyohiyo Tycho Brahe alikuwa na kituo kinachofanana na hicho. Mfalme mpya alipoingia na wakakosana, Tycho naye akafungasha, mwaka 1597, na hapo hapakuwa na sheikh. Kabla yao Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand aliyeorodhesha nyota 1,018 katika majedwali ya mwaka 1437, aliuawa mwaka 1449 katika ugomvi wa kugombea kiti, na mwanawe mwenyewe alikuwa nyuma ya njama. Vituo vya wafalme vinakufa na wafalme wao. Muwakiti wa msikiti hakuwa na fahari kama hizo, lakini alidumu.

Upande wa Wakristo nao walikuwa na mwezi wao wa kugombania, na ni mwezi wa Pasaka. Tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325 kanuni iliyokuja kukubalika ni kwamba Pasaka ni Jumapili baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, siku ya machipuko, ambayo mchana na usiku huwa sawa. Tatizo likawa kalenda ya Julius Caesar: ilizidi mwaka wa jua kwa dakika kama 11. Dakika hizo zikajilimbikiza, na kufikia karne ya 16 machipuko ya kweli yalikuwa yanatokea siku kumi kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kanisa likawa linasherehekea ufufuko kwa tarehe ambayo mbingu yenyewe inaikanusha. Basi Papa Gregori XIII akaita wanahisabu, miongoni mwao Mjesuti Christopher Clavius, na mwaka 1582 siku kumi zikafutwa: watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Kalenda iliyoko kwenye simu yako ni kazi hiyo ya kanisa.

Waingereza Waprotestanti wakaikataa kwa miaka 170. Wakaja kuikubali mwaka 1752, na kufikia hapo walilazimika kufuta siku 11. Warusi wakangoja hadi 1918. Jua la London halikuwa tofauti na jua la Roma, na wataalamu wa Uingereza walijua hivyo. Shida ilikuwa ni nani aliyetangaza. Nikilifikiria hilo nawaona wale ndugu wawili na chai yao ya asubuhi, nacheka peke yangu.

Galileo, yule Mtaliano aliyehukumiwa kwa kusema dunia inalizunguka jua, sitamchelewesha, kila mtu anamjua. Niseme tu mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza, Wajesuti wa chuo cha Roma waliyathibitisha aliyoyaona kwa darubini, mwaka 1611, na wakamfanyia heshima. La pili, Kardinali Bellarmine aliandika mwaka 1615 kwamba kama kungepatikana uthibitisho wa kweli kuwa dunia inalizunguka jua, ingebidi kuyaeleza Maandiko kwa uangalifu mkubwa, na kusema hatukuyaelewa kuliko kusema ni uongo jambo lililothibitishwa. Al-Subki angemwelewa vizuri sana: yakini kwanza. Kisheria tofauti kati ya wawili hao ilikuwa ndogo. Ila Galileo hakuwa na uthibitisho huo bado. Hoja yake ya maji kupwa na kujaa ilikuwa na makosa, na kuyumba kidogo kwa nyota kunakoonyesha dunia inazunguka hakukupimwa hadi 1838. Na alifanya jambo lililowachoma kuliko darubini. Yeye, mtu asiye padri, aliandika barua ndefu akieleza jinsi Maandiko yanavyopaswa kufasiriwa, ilhali Mtaguso wa Trento ulikuwa umeamua mwaka 1546, katika joto la ugomvi na Waprotestanti, kwamba kazi ya kufasiri ni ya Kanisa. Mwaka 1616 kitabu cha Copernicus kikasimamishwa hadi kirekebishwe. Mwaka 1632 Galileo akachapisha kitabu chake cha mazungumzo, na hoja aipendayo Papa Urban VIII akaiweka kinywani mwa mhusika mjinga. Mwaka 1633 akahukumiwa, akafungiwa nyumbani hadi kufa kwake mwaka 1642. Sitetei hukumu hiyo. Ilikuwa dhuluma na iliwatisha wengi. Nasema tu kwamba ukitafuta kilichowakasirisha, usitazame juu.

Ushahidi wangu uko Bologna, mji uliokuwa chini ya Papa mwenyewe. Miaka 22 baada ya hukumu ile, mwaka 1655, ndani ya Basilika ya San Petronio, mtaalamu wa nyota Giovanni Domenico Cassini alitoboa tundu juu kabisa kwenye paa, kimo cha mita 27, na tundu lenyewe upana wa milimita 27. Jua la adhuhuri likipita hapo linaangusha duara la mwanga sakafuni. Sakafuni akachora mstari wa kaskazini na kusini wenye urefu wa karibu mita 67, akiupitisha kwa shida kati ya nguzo, wakati wengi walisema hautapita. Kanisa zima likageuka kuwa chombo cha kupimia. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya dini tupu: kupata kwa usahihi siku ya machipuko, ili Pasaka isipotee tena. Lakini Cassini akapima pia upana wa lile duara la mwanga mwaka mzima, na kwa kupungua na kuongezeka kwake akaonyesha kwamba umbali kati yetu na jua unabadilika kama hisabu za Johannes Kepler zilivyodai, si kama za Ptolemy. Kepler alikuwa Mprotestanti, na alifundisha waziwazi kwamba dunia inazunguka. Kipimo hicho peke yake hakikusema kipi kinazunguka, jua au dunia, na Cassini hakuwa mpumbavu wa kuongeza maneno. Alipima, akaandika namba. Hakuna aliyemwita mahakamani. Mstari upo mpaka leo, watalii wanaukanyaga.

Kuna aina nyingine ya ujirani kati ya dini na sayansi ambayo mimi siipendi, nayo ni ile ya kukimbilia kila ugunduzi na kuubandika aya. Kwetu imejaa kwenye video fupi za simu: kila wiki wanasayansi "wameshtuka" kukuta jambo fulani limo ndani ya Msahafu. Padri Mbelgiji Georges Lemaître, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka na mwaka 1931 akapendekeza ulianza kutoka kitu kimoja kidogo, alikutana na ugonjwa huo juu kabisa. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia akionyesha kwamba sayansi sasa inashuhudia uumbaji. Lemaître hakufurahi. Nadharia yake ilikuwa nadharia, inaweza kuanguka kesho, na anayeifunga imani yake kwenye nadharia itabidi aanguke nayo. Alivaa kanzu ya upadri na aliandika hisabu, na hakuona haja ya kimoja kumtolea ushahidi mwenzake. Natamani wale ndugu zetu wa video wamjue.

Turudi pwani. Hoja ninayoisikia zaidi kwa wanaotaka hisabu ni hii: mbona adhana ya alasiri mnaisoma kutoka kwenye ratiba iliyochapishwa, hamtoki kutazama kivuli? Ni hoja nzuri lakini haina umri mdogo, na ilijibiwa na al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri aliyefariki 1285. Alisema sababu ya sala ni wakati wenyewe, basi uujue kwa njia yoyote. Sababu ya kufunga ni kuuona mwezi, kwa nassi, yaani kwa andiko lenyewe. Ni tofauti makini na siidharau. Upande wa pili, mwaka 1939 mwanachuoni mkubwa wa hadithi wa Misri, Ahmad Muhammad Shakir, aliandika kwamba amri ya kuona ilitolewa kwa umma ambao Mtume mwenyewe aliueleza kuwa hauandiki wala haupigi hisabu. Sababu ikiondoka, hukumu huondoka nayo. Mkutano wa Istanbul wa mwaka 1978 ukaweka kipimo: mwezi uwe umeachana na jua kwa nyuzi 8, na kimo chake kiwe nyuzi 5. Waislamu wengi wa Uturuki na baadhi ya wa Marekani wanafuata hisabu tupu siku hizi, na mbingu hazijaanguka.

Mimi nimesimama na al-Subki. Watu waende ufukweni, wapande juu ya mapaa, watoto wapelekwe wakajifunze kutazama machweo. Kuna ibada katika kule kutazama, na mji mzima ukigeukia magharibi kwa pamoja ni jambo la kupendeza. Lakini anayekuja na habari ya mwezi ambao kwa hisabu haujafika nyuzi za kuonekana na binadamu, ashukuriwe, apewe chai, arudishwe kwake. Na kamati zichapishe namba zao kabla ya jioni hiyo: mwezi umekutana na jua saa ngapi, utakuwa na kimo gani Mombasa, Unguja, Mtwara, Kigoma. Simu tuliyonayo mkononi inaweza kuhesabu hayo.

Kwa nini haifanyiki? Nadhani jibu tumekwisha kulipita njiani. Telegrafu ilipofika nchi za Waislamu katika karne ya 19, wanachuoni walibishana kama habari ya mwezi kwa waya inakubalika. Kisha ikaja redio, na mwezi wa mbali ukaanza kusikika sebuleni. Sasa ni kundi la WhatsApp. Kila chombo kipya kimempa mtu wa kawaida uwezo wa kumpita kadhi wake, na kila mara kadhi amejibu kwa kushikilia zaidi neno lake. Namba zikichapishwa mapema, tangazo linapungua uzito. Asiyeuelewa uchungu huo hajawahi kukaa kwenye kamati yoyote, hata ya harusi.

Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, jua litapatwa lote juu ya Makka, baada ya saa saba mchana, na giza litadumu dakika kama tano. Kivuli kitatoka bahari ya Atlantiki, kitapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika na Luxor kule Misri, kitavuka Bahari ya Shamu, kisha Yemen na Somalia. Saa ya sala ya kusufi, ile ya kupatwa kwa jua, inajulikana tangu sasa, na sidhani kama kuna imamu atakayesubiri mashahidi wawili. Kupatwa kwa jua ni ule mkutano wa mwezi na jua, ila huu utaonekana kwa macho. Kwa hiyo atakayesema ameuona mwezi wa Mfungo Sita usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo ataumbuliwa mchana kweupe. Jioni ya Jumatatu yenyewe pia hautaonekana, utakuwa wa saa chache tu. Wa kutafutwa ni magharibi ya Jumanne tarehe 3, na hapo ndipo tutahesabu kumi na mbili za Maulidi. Ningependa kamati zetu zote, za hapa na za ng'ambo, zifanyie mazoezi mwezi huo. Si wa kufunga wala wa kufungua, hakuna atakayemnunia mwenzake.